Walihesabu waliobaki: kisa cha gadi wawili na namba moja ya kabla ya msimu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kweli. Kinahusu timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu kimoja Marekani, ngazi ya Division I, ambayo ndiyo ya juu kabisa chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko. Jina la chuo, la kocha, la wachezaji na la wapinzani nimeyaondoa, na mwaka wenyewe sikuutaja. Takwimu ni zao, ila nyingine nimezikata zikawa namba kamili. Anayekesha na mchezo huu huenda akaitambua timu. Namwomba jina abaki nalo moyoni, kwa kuwa tunachochambua hapa ni hesabu na maamuzi, watu tuwaache.

Nimekitumia mara kadhaa nikizungumza na makocha wenzangu wa shule na vyuo hapa Dar es Salaam, na kila mara ubishi unachukua muda mrefu kuliko somo. Kinafaa kwa sababu hakuna wa kumnyooshea kidole moja kwa moja. Wachezaji walikuwa wazuri, kocha hakuwa mjinga, na waandishi waliopiga kura ya kuiweka timu namba moja kabla ya msimu hawakuhongwa.

Gadi ni mchezaji wa nje, anayevusha mpira na kuanzisha mashambulizi. Nitasema "gadi" kwa mmoja na kwa wengi. Magadi tuwaachie wanaochemsha maharage.

Usuli

Hapa kwetu wengi tuliujua mpira wa vyuo vya Marekani kupitia Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyeichezea Connecticut na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika drafti nzima ya NBA, yaani siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya. Nadhani ndipo tulipopata mazoea ya kumtazama kwanza mtu mrefu. Tukisikia timu ina senta mzuri, tunasema timu ipo. Huko vyuoni wenyewe wana imani tofauti: wanasema Machi ni mwezi wa gadi. Mechi ni nusu mbili za dakika 20, saa ya shuti, yaani muda ambao timu lazima iwe imepiga shuti, ni sekunde 30, na mashindano makuu ya timu 68 ni ya mtoano, ukifungwa mara moja unafunga virago. Katika mazingira hayo anayeshika mpira sekunde kumi za mwisho ana uzito kuliko jitu lililosimama chini ya ringi likisubiri pasi.

Timu ya kisa chetu ilikuwa na gadi wawili walioingia chuo mwaka mmoja. Mmoja nitamwita Mrefu, futi 6 na inchi 4, mwenye shuti lisilo na woga wowote. Mwenzake ni Mfupi, futi 6, mfupi kwa viwango vya huko tu, maana kwenye daladala zetu angesimama ameinamisha shingo. Pamoja nao kulikuwa na Senta mkomavu, na winga mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kukaba mchezaji hatari wa upande wa pili. Huyu ni Mkabaji. Wa tano alikuwa fowadi aliyehamia kutoka chuo kingine kucheza mwaka wake wa mwisho. Nitamwita Fowadi wa Kona, kwa sababu alipenda kusimama nje kabisa ya mstari wa pointi tatu na kusubiri.

Kocha alikuwa na msimu wake wa kwanza akiwa kocha mkuu. Msimu ulikwenda kwa kuchechemea. Kulikuwa na vipigo vikubwa, na hadi Februari watu walijadili kama timu ingeingia kabisa kwenye mashindano ya Machi. Ikaingia, ikapangwa namba 8 katika kanda yake, nafasi ambayo kwa kawaida ni tiketi ya kucheza mechi mbili na kurudi nyumbani.

Halafu likatokea la kutokea. Walishinda mechi tano mfululizo. Katika mojawapo Mrefu alifunga pointi 30, na 27 kati ya hizo baada ya mapumziko. Nusu fainali, dhidi ya mahasimu wao wakubwa, alifunga 28, na zikiwa zimebaki sekunde kama 25 akapiga tatu iliyowaweka mbele kwa pointi nne. Shuti hilo limerudiwa kwenye runinga mara zisizohesabika. Fainali niliitazama saa kumi alfajiri, kikombe cha kahawa ya tangawizi mkononi. Mapumziko walikuwa mbele kwa pointi 15. Wakafungwa kwa pointi 3.

Ndani ya fainali hiyo mna namba ambayo watu waliipita haraka mno: gadi hao wawili walipiga mashuti 41, yakaingia 10.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

Ndani ya wiki chache baada ya fainali, mmoja baada ya mwingine, wachezaji walitangaza kwamba wanarudi. Mrefu angeweza kujaribu bahati ya NBA, akabaki. Mfupi akabaki. Senta akabaki. Mkabaji akabaki kwa kutumia mwaka wa ziada ambao NCAA iliwapa wachezaji kwa sababu ya korona. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, kwa hiyo kurudi chuoni hakukuwa tena kusubiri kwa mfuko mtupu.

Wanne kati ya watano walioanza fainali, wote wamerudi! Hebu jiweke kwenye kiti cha mwandishi wa michezo mwezi Oktoba. Kila mwaka shirika la Associated Press hukusanya kura za waandishi wapatao 60 kabla mpira haujarushwa, na orodha ya timu 25 hutoka. Kura hizo haziipi timu ushindi hata mmoja, wala hazimpi mtu kombe. Lakini zinavuta macho ya watazamaji, na zinambandikia kila mpinzani picha ya timu iliyo juu ukutani chumba cha kubadilishia nguo. Timu yetu iliwekwa namba moja. Sababu iliyorudiwa kuliko zote ilikuwa gadi: wana uzoefu, wamecheza fainali, hawaogopi.

Kati ya hao watano aliyeondoka alikuwa mmoja tu, Fowadi wa Kona, na pengo lake likazibwa. Kupitia lango la uhamisho, ule mfumo wa mtandaoni ulioanzishwa 2018 ambamo mchezaji anaandikisha nia ya kuhama, walimpata fowadi mwingine mkubwa ambaye katika chuo chake cha awali alikuwa amepiga tatu kwa asilimia 45. Nitamwita Mgeni. Kwenye karatasi alionekana bora kuliko aliyeondoka, ambaye alikuwa na asilimia 40.

Msimu ukaanza Novemba. Walishinda mechi tano za kwanza, na hapo ndipo jicho la kocha lilipotakiwa kuanza kuwasha. Chuo kidogo kimoja walikifunga kwa pointi 6 tu. Kingine kilikuwa mbele yao hadi mapumziko. Watu walisema wanapasha misuli.

Wikiendi ya sikukuu ya Shukrani walifungwa mara mbili. Mechi moja wapo ilikwenda muda wa nyongeza mara nne, wakapoteza kwa pointi 2. Mrefu alifunga 34. Ukisoma vichwa vya habari unaona shujaa aliyekosa bahati. Ukifungua karatasi ya takwimu unakuta alipiga mashuti 36 peke yake, yakaingia 13. Baada ya wikiendi hiyo waliporomoka kutoka namba 1 hadi 18. Wakafungwa mbili nyingine, mojawapo Senta akiwa nje kwa majeraha, na wiki iliyofuata hawakuwamo kabisa katika 25 bora.

Desemba na Januari walisimama tena. Mwisho wa Januari walikuwa wameshinda 15 na kufungwa 6. Kisha ikaja Februari, wakapoteza mechi 5 kati ya 6.

Maamuzi yaliyofanywa, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutobadili kitu. Kocha aliingia msimu wake wa pili na mfumo uleule: gadi wote wawili wanashika mpira, yeyote aliyeupata kwanza anaukimbiza, Senta anatafuta nafasi chini, wengine wanapanuka. Sababu yake inaeleweka. Mfumo uliokufikisha fainali miezi saba iliyopita, unauvunjaje? Ningekuwa mimi pale nisingeuvunja. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana hodari wa kutabiri mvua iliyokwisha kunyesha.

Uamuzi wa pili ni jinsi walivyotafuta mrithi. Walitafuta mtu mwenye kimo kile na asilimia nzuri ya tatu, wakampata. Ambacho hakikuangaliwa vya kutosha ni wingi wa mashuti. Fowadi wa Kona alipiga tatu zaidi ya sita kila mechi. Mgeni, alikotoka, alipiga kama nusu ya hizo, na alizoea kuuchezea mpira karibu na mstari wa faulo, akipokea, akigeuka, akitoa pasi. Wote wawili ni mafowadi wanaojua kupiga tatu. Lakini mmoja hukaa pembeni, mwingine hukaa katikati, na katikati tayari Senta alikuwa amepapanga.

Uamuzi wa tatu haukutangazwa na mtu: timu ilimwachia Mrefu aamue. Mechi ikikaza, mpira ulikwenda kwake. Hapa siwezi kusema kama ni kocha aliyetaka hivyo au ni mazoea yaliyojijenga. Najua tu kilichoonekana uwanjani.

Na wa nne ni dakika. Tangu mwaka wa fainali watano wa kwanza walicheza karibu mechi nzima, na tabia hiyo iliendelea. Vijana wa benchi walipata dakika za kuokoteza. Kocha wa timu iliyo namba moja ana sababu ya kufanya hivyo: kila mechi ina macho ya nchi, na kumjaribu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mbele ya macho hayo ni gharama. Kwa hiyo matarajio ya watu wa nje yaliingia hadi kwenye orodha ya kubadilisha wachezaji. Huwa nawaeleza makocha kwamba hapo ndipo namba moja ilipowauma hasa.

Matokeo

Walimaliza na ushindi 20 na vipigo 13. Katika ligi ya vyuo vya ukanda wao walishinda 11 na kufungwa 9. Kamati inayochagua timu za Machi inagawa mechi katika madaraja manne kwa ubora wa mpinzani na mahali ilipochezwa. Daraja la kwanza ni mechi ya nyumbani dhidi ya timu iliyo ndani ya 30 bora, ya uwanja huru dhidi ya 50 bora, au ya ugenini dhidi ya 75 bora. Katika daraja hilo walicheza mechi 10, wakashinda 1.

Hawakuitwa. Timu iliyoanza ikiwa namba moja ilikaa nyumbani wakati 68 zikiingia uwanjani. Walipata nafasi ya mashindano ya pili kwa hadhi, wakakataa.

Tatu za timu nzima ziliingia kwa asilimia 31, kutoka karibu 36 mwaka uliotangulia. Mrefu alifunga wastani wa pointi 16.7 na Mfupi 16.1. Ukitazama pointi peke yake utasema gadi walitimiza ahadi. Mrefu lakini alihitaji mashuti kama 15 kila mechi kuzipata hizo 16.7, na tatu zake ziliingia kwa asilimia 30 hivi. Mgeni, yule wa asilimia 45, alishuka hadi karibu theluthi moja.

Uchambuzi: matarajio yalijengwa kwa matofali gani?

Nianze na Mrefu, kwa kuwa ndiye aliyelaumiwa zaidi, na nadhani alionewa.

Mwaka wake wa kwanza chuoni alipiga tatu kwa asilimia 27 hivi. Wa pili, ule wa fainali, 36. Wa tatu, 30. Chukua karatasi, andika namba mbili za kwanza, tafuta wastani wa kawaida: unapata kama 31. Mtu ambaye Oktoba ile angefanya hesabu hii ya darasa la tano angesema, "Huyu kijana atapiga 31," naye angepatia karibu kabisa. Hakuporomoka, basi. Alirudi nyumbani kwake. Waliomtarajia apige 36 na kuendelea kupanda walikuwa wamechukua mwaka wake bora wakaufanya sakafu.

Tena hata huo mwaka bora haukukumbukwa wote. Zilikumbukwa mechi sita za Machi na Aprili, na kati ya hizo zikakumbukwa tatu. Katika mechi sita zile Mrefu alivuka pointi 20 mara tatu. Tatu nyingine aliishia 14 au chini ya hapo, mojawapo akifunga 5 na kutolewa kwa faulo. Huyo huyo, ndani ya majuma hayo hayo matatu! Kumbukumbu inaokota shuti la sekunde 25 za mwisho na kuacha mashuti 19 aliyoyakosa siku ya fainali. Sishangai. Nilipoulizwa mimi mwenyewe Oktoba ile nilitaja shuti lile lile.

Kuna wanaosema hayo ni ya Mrefu tu, timu nzima je? Hapo ndipo ninapofika kwa Fowadi wa Kona, na ndipo kisa kinapokuwa na utamu.

Tazama mchezo mmoja uliojirudia msimu wa fainali. Mfupi anavuka nusu ya uwanja akidunda mpira mkono wa kulia. Senta anapanda kumwekea skrini, yaani anasimama kumzibia njia mlinzi wake. Mlinzi wa Mfupi anagonga kifua cha Senta, anachelewa hatua moja. Kwa kawaida hapa beki wa upande wa kona anaingia ndani kuziba njia. Anataka kuingia, anageuza kichwa, anamwona Fowadi wa Kona amesimama mikono tayari kifuani, na anakumbuka kwamba huyu akiachwa mara kumi anafunga nne. Anasita. Kusita kule ni kama nusu sekunde. Ndani ya nusu sekunde hiyo Mfupi amekwisha fika kwenye ringi, au Senta amepokea, au mpira umetoka kwa Mrefu akiwa amesimama wazi, miguu imetulia, hana wa kumsumbua. Fowadi wa Kona hakuugusa mpira. Kwenye karatasi ya takwimu hana asisti, ile pasi inayozaa pointi, wala chochote.

Msimu uliofuata, mchezo uleule. Mfupi anavuka, Senta anapanda, beki wa pembeni anageuza kichwa. Anamwona Mkabaji, mzuri wa kukaba lakini si mtu wa kuogopwa kwa shuti. Mgeni yuko karibu na mstari wa faulo, na mlinzi wake anaweza kumtazama yeye na Senta kwa jicho moja. Beki anaingia ndani bila kusita. Njia imezibwa. Mfupi anarudisha mpira nje, saa inaonesha sekunde 11, Mrefu anaupokea, anadunda mara tatu, nne, anarudi hatua moja nyuma na kushuti mkono wa mtu ukiwa usoni mwake. Shuti ni la mtu yuleyule, ila si lile shuti la mwaka jana. Asisti zilipungua, tatu zikapungua, na watu wakasema gadi wamekuwa wachoyo.

Uchoyo ulikuwepo kidogo, sitaki kumfunika mtu kwa kanga. Mashuti 36 katika mechi moja, hata kama ina nyongeza nne, ni mengi mno, na Mrefu hakuwa na breki za kutosha. Lakini mashuti mengine yalimwangukia kwa sababu sekunde zilikuwa zimeisha na wenzake walikuwa wameshashindwa. Kutenganisha shuti alilolitafuta mtu na shuti alilobebeshwa kunahitaji kukaa na video. Makocha wengi tunaishia kwenye karatasi.

Waliopiga kura walihesabu waliobaki: wanne kati ya watano, asilimia 80 ya kikosi. Mtindo huu wa kuhesabu unadhani kila mchezaji anachukua mafanikio yake begani kama mzigo wake binafsi, akirudi anarudi nao. Kumbe sehemu ya ubora wa gadi ilikuwa imewekwa akiba kwa mtu mwingine, na mtu huyo alipoondoka aliondoka nayo bila hata kujua.

Kilichofaulu, maana kipo

Mfupi. Tatu zake zilibaki asilimia 36 au zaidi kidogo, kama mwaka uliotangulia, licha ya njia kuzibwa. Hakuna aliyemtungia nyimbo Oktoba, na matarajio juu yake yalikuwa ya wastani, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba ndiye pekee aliyetimiza hesabu yake. Senta naye aliendelea kukusanya pointi na ribaundi (mipira inayodakwa baada ya shuti kukosa) za kutosha kila mechi akicheza na majeraha ya hapa na pale. Kuzuia hakukuwa kubaya.

Kukataa mashindano ya pili watu wanakubishania. Mimi naona kilikuwa kitendo cha uchovu kuliko cha kiburi, na kwa timu iliyohitaji kuvunjwa na kujengwa upya, wiki mbili za ziada zisingeongeza kitu isipokuwa kwa vijana wa benchi. Hao ndio ambao ningewachezesha.

Kilichofeli

Kubwa kuliko yote ni kwamba dalili za Novemba hazikutumika. Mechi zile tano za kwanza dhidi ya vyuo vidogo zilikuwa zimetoa taarifa yote iliyohitajika: wapinzani walikuwa wanajaza ndani na kuwaacha watu wa pembeni. Wakati huo kulikuwa na miezi minne mbele. Timu isiyo na namba moja mgongoni ingemwanzisha mpigaji mwingine wa tatu, hata kama ni mbovu wa kukaba, ili kona zipate mtu wa kuogopwa. Timu yenye namba moja ilisubiri mambo yakae sawa yenyewe.

Lingine ni muda wa maandalizi. Sheria inaruhusu mazoezi rasmi kuanza siku 42 kabla ya mechi ya kwanza, na ndani yake siku 30 za mazoezi. Si haba, lakini kikosi kinachojiona kimekamilika huzitumia kung'arisha. Swali la nani ni pointi gadi na nani ni shuting gadi, yaani nani anaanzisha na nani anamalizia, halikupata jibu msimu wa fainali kwa sababu halikuhitajika. Kona ya yule bwana ililifunika. Siku 30 hizo zilikuwa mahali pa kulijibu.

Watu hunitajia Kentucky ya 2014 kunipinga. Nao walianza namba moja, gadi wao wakuu walikuwa mapacha wa mwaka wa kwanza, wakafungwa mechi 10 kabla ya mashindano ya Machi, wakapangwa namba 8, halafu wakafika fainali. Kwa hiyo, wananiambia, uvumilivu unalipa. Kweli ulilipa. Ila wale walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokuwa wanajifunza kucheza pamoja, kila mwezi wakipanda. Wetu walikuwa na mwaka wa tatu pamoja. Kilichokuwa hakijakaa kufikia hapo kilihitaji kupangwa upya. Na fainali ile Kentucky walifungwa 60 kwa 54 na Connecticut, timu iliyokuwa namba 7 katika kanda yake, ikiongozwa na gadi wawili ambao kila mmoja alijua kazi yake.

Baada ya hapo

Mrefu aliingia lango la uhamisho na kwenda chuo cha magharibi, kwenye timu yenye watu wengi wa kupokea pasi zake na wa kumpa. Mfupi alibaki. Kocha alitafuta pointi gadi kijana ambaye furaha yake ni kutoa pasi, akamwondolea Mfupi mzigo wa kuvusha mpira kila mara, akaleta na wapigaji wa tatu kutoka vyuo vingine kukaa pembeni.

Msimu uliofuata Mrefu alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mpya. Mfupi, tatu zikiingia karibu asilimia 40 na wastani wa pointi 21, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake ya zamani. Gadi walewale wawili, mwaka mmoja baada ya kuitwa walioiangusha timu.

Huwa nasimamisha video hapo na kuwauliza makocha: ungekuwa wewe, Aprili ile baada ya fainali, ungembakiza nani na kumwachia nani? Chumba hugawanyika. Wengine Mrefu, wengine Mfupi, wanabishana hadi chai inapoa. Safari moja mwalimu wa sekondari moja ya Temeke, mama mtu mzima aliyekaa kimya nyuma tangu asubuhi, aliinua mkono akasema, "Mwalimu, mimi ningekwenda kwanza kumwuliza yule wa kona kama anaye mdogo wake."

Timu ya Mfupi ilimaliza na ushindi 29 na vipigo 8, ikapangwa namba 1 katika kanda yake. Oktoba iliyotangulia waandishi walikuwa wameiweka ya 19.